Usipige Kiki Kwanza

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji. Mimi Mwanaidi, niko Tanga, na mvua inanyesha, kwa hiyo mkisikia bati linaimba msishangae. Mwenzangu Rashidi yuko Columbus, Ohio. Kaka, mikono imetakata?

RASHIDI: Wapi, da Mwana. Sabuni imenyoosha mikono. Kucha zote nyeusi, na mke wangu amesema nisimshikie chapati.

MWANAIDI: Wasikilizaji, mwezi uliopita huyu bwana alinitumia picha. Nikadhani kamnunulia mtoto kigari cha kuchezea. Hebu waambie ni kitu gani unachokifufua.

RASHIDI: Ni Honda Z50A ya mwaka 1970. Pikipiki kamili, ila imefupishwa. Magurudumu yake ni ya inchi 8, nyuma haina shokapu, na usukani unakunjwa ili uipakie kwenye buti la gari. Nikiikalia, magoti yanagonga viwiko. Jirani yangu mzee alikuwa anahama, akafungua banda la nyuma, nikaiona imelala chini ya turubai na makopo ya rangi. Nikamuuliza mara ya mwisho iliwaka lini. Akasema waliokuwa wakiiendesha ni wanawe, na sasa wanawe wana mvi.

MWANAIDI: Ukoo wake ni wa kuchekesha. Mwaka 1961 Honda walitengeneza kipikipiki kinachoitwa Z100, cha watoto kuendesha kwenye bustani yao ya michezo, Tama Tech, kule Tokyo. Mtu mzima akikipanda anajikunja kama tumbili, ndiyo maana kikaitwa Monkey. Huko Marekani hiyo yako waliiuza kwa jina la Mini Trail.

RASHIDI: Mimi jina lilinipita. Wewe ulitazama injini.

MWANAIDI: Nilitazama injini nikacheka peke yangu. Silinda imelala kuelekea mbele, ukubwa cc 49, gia tatu, haina mkono wa klachi. Nikasema, ah, wewe nakujua! Hiyo ni ndugu wa Honda 50. Baba alikuwa na banda lake la ufundi hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi, na Honda 50 ndizo zilizotulisha. Mimi nilikuwa namshikia tochi. Niliposhika vibaya nilijua siku hiyo hiyo.

RASHIDI: Basi ungenipigia simu mapema. Maana siku ya kwanza nilitia petroli mpya nikaanza kupiga kiki. Nadhani kiki 30. Goti likavimba.

MWANAIDI: Na mimi nikakasirika kweli, sikukuficha. Injini iliyolala miaka yote hiyo, oili yote imeshuka chini. Kuta za silinda zimekauka, pengine zina kutu nyembamba. Ukipiga kiki unaburuza ringi za pistoni juu ya kutu. Kiki si kitu cha kwanza. Unafungua plagi, unamimina oili kidogo kwenye tundu, kijiko kimoja cha chakula kinatosha, unaiacha ilale. Kesho yake unazungusha injini polepole kwa mkono.

RASHIDI: Nilifanya hivyo, na nilikuwa nimebahatika. Ilizunguka laini. Halafu nikamwaga oili ya zamani. Da Mwana, ile haikuwa oili, ilikuwa uji wa ulezi.

MWANAIDI: Na chujio? Maana injini hizi hazina ile filta ya kopo. Kuna wavu ndani ya kifuniko cha kulia, chini, na uchafu mwingine unarushwa na kunaswa kwenye kikombe kinachozunguka na klachi. Watu wanabadili oili miaka 20 bila kufungua pale.

RASHIDI: Ulinilazimisha nikafungua. Tope, mpaka nikatumia bisibisi kulikwangua. Lakini kilichonitesa ni moto. Plagi mpya, nimeigusisha kwenye bodi la injini, nazungusha, hakuna cheche hata moja. Nikaanza kutafuta betri ya kununua.

MWANAIDI: Nikakwambia weka pochi mfukoni. Moto wa injini hii hautoki kwenye betri, unatoka kwenye magneto, lile gurudumu zito la kushoto. Ndani yake kuna pointi, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Pointi zikikaa bila kazi zinaota utando, huuoni kwa macho, na umeme haupiti. Unachukua msasa laini kabisa, unapitisha mara mbili tatu, kisha unafuta kwa karatasi safi. Baba alitumia kona ya bahasha.

RASHIDI: Mimi nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda.

MWANAIDI: Haya, kila mtu na utajiri wake.

RASHIDI: Nikapima nafasi yake, kati ya milimita 0.3 na 0.4. Halafu ukanifundisha ile alama ya F iliyo kwenye gurudumu la magneto: pointi zianze kuachana pale F inapokutana na alama ya kwenye bodi. Nilizima taa ya gereji, nikazungusha, nikaona cheche ya buluu. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

MWANAIDI: Nafasi ya valvu ulipima? Ni milimita 0.05 tu, tena injini ikiwa baridi. Watu wanaziruka.

RASHIDI: Nilipima. Ya kutolea moshi ilikuwa imebana. Twende kwenye kabureta, maana nina kinyongo nayo.

MWANAIDI: Sema.

RASHIDI: Petroli ya zamani ilikuwa imekauka mle ndani ikawa kama gundi ya fundi seremala, rangi ya kahawia, harufu ya vanishi. Jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, imeziba kabisa. Nikachukua waya wa chuma...

MWANAIDI: Hapo ndipo nilipompigia usiku wa manane, wasikilizaji. Jeti ni shaba, tundu lake limepimwa. Ukilichokoa kwa chuma unalipanua, na pikipiki itakunywa petroli maisha yake yote. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia, ipulize kwa upepo, ikikataa tumia uzi mmoja wa waya wa umeme, ule wa shaba. Kisha uitazame juani. Lazima uone tundu la duara kamili.

RASHIDI: Niliona. Nikafunga kila kitu, nikatundika chupa ndogo ya petroli badala ya tangi, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa kutu. Nikapiga kiki. Inakohoa, inazima. Inakohoa, inazima. Saa nzima. Unajua ilikuwa nini? Panya! Alijenga ndani ya bomba la moshi, kiota kimesokotwa kwa nyuzi za siti. Injini ilikuwa haina pa kupumulia. Nilivuta kwa waya, kikatoka kama sufi ya mto.

MWANAIDI: Na kiki iliyofuata?

RASHIDI: Ya pili. Ikawaka. Sauti ile ya cherehani, tak-tak-tak, na moshi mweupe wa oili niliyomwaga kwenye silinda.

MWANAIDI: Umenirekodia, nikamchezea mama. Akauliza nani kaja na Honda.

RASHIDI: Tangi nililijaza siki, nikatia nati za bolti nikalitikisa jioni mbili, nikasuuza kwa maji ya magadi, nikalikausha. Tairi na tyubu nilinunua mpya, zile zilikuwa na nyufa kama nyayo za mkulima. Sasa imebaki rangi. Nataka kuipaka upya, nyekundu ya kung'aa.

MWANAIDI: Usithubutu.

RASHIDI: Imechubuka kila mahali!

MWANAIDI: Imechubuliwa na watoto wa yule mzee. Rangi ya kiwanda ya mwaka 1970 huipati tena. Ipake nta, basi.

RASHIDI: Tutagombana kipindi kijacho. Jana niliizungusha uani mara tano, barabarani haina ruhusa, haina namba. Mwanangu akanikimbilia kwa miguu, akanipita.

MWANAIDI: Lakini ulisema sindano ya boya, ile inayozuia petroli isijae kwenye kabureta, haifungi sawasawa, inavuja?

RASHIDI: Inadondosha kidogo tu, ikisimama.

MWANAIDI: Na petroli ya kwenu ina ethanoli, inavuta unyevu, kwa hiyo hulazi petroli kwenye kabureta hata kidogo. Ulifunga koki ya petroli jana?

RASHIDI: Koki...

MWANAIDI: Rashidi.

RASHIDI: Ngoja kidogo, nakuja.