Ta! Moja Ukienda Mbele, Ta! Moja Ukirudi Nyuma

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo nimekuja na kesi yangu mwenyewe, na fundi Shabani ameahidi hatanicheka.

SHABANI: Sikuahidi kitu, dada. Haya, tuambie.

SALMA: Ni Toyota IST yangu. Buti ya sivi jointi, yaani raba inayofunika kiungo cha shafti inayozungusha tairi la mbele, upande wa kushoto ilipasuka, grisi ikatapakaa mpaka ndani ya rimu. Nikanunua shafti ya mtumba Gerezani, Dar, fundi wa mtaani akanifungia. Natoka tu pale, nasikia "ta!"

SHABANI: Ta moja, au ta-ta-ta?

SALMA: Moja. Nikianza kwenda mbele, ta, halafu kimya. Nikipiga rivasi, ta nyingine, kimya tena.

SHABANI: Basi nusu ya jibu umeshanipa. Watu wanakuja, "fundi, gari inalia," wamemaliza. Inalia vipi? Ta-ta-ta ukiwa umekata usukani mpaka mwisho huku umekanyaga mafuta, sivi ya nje, ile ya upande wa tairi, imekwisha. Ikiwa ni mngurumo unaopanda na mwendo, na ukiyumba upande mmoja unazidi, nashuku beringi. Gari ikitetemeka ukikanyaga mafuta barabara ikiwa imenyooka, naangalia sivi ya ndani, ile ya upande wa giaboksi.

SALMA: Na ile kwaru-kwaru ya bati?

SHABANI: Hiyo ndiyo inayotutia aibu mafundi! Kuna bati jembamba nyuma ya diski. Wakati wa kuvuta habu, kile kitovu tairi linapofungwa, unalipinda bila kujua, linaanza kukwaruza. Unalirudisha kwa bisibisi, kwisha habari. Ila yako siyo hiyo.

SALMA: Mimi nilijua nimeuziwa shafti mbovu. Nilishajipanga kurudi Gerezani kugombana.

SHABANI: Ungemuonea mwenye duka. Ta moja kila gari inapogeuza mwelekeo, meno ya shafti yanacheza ndani ya habu. Ukienda mbele yanaegemea huku, ukirudi yanahamia kule, na pale yanapogota ndipo unaposikia. Ile nati kubwa ya katikati ikibana sawasawa, meno hayapati pa kuchezea.

SALMA: Ndiyo ukaniambia nivue tairi nikupigie picha.

SHABANI: Na picha ilisema yote. Nati ile ukingo wake hugongwa kwa patasi uzame kwenye mfereji wa shafti, isijifungue. Yako ilikuwa na kibonyeo cha zamani kimekaa pembeni kabisa, mfereji mtupu. Yaani nati kuukuu imerudishwa, na hakuna aliyeigonga upya. Aliifungaje?

SALMA: Tairi ikiwa hewani, na spana ya kawaida.

SHABANI: Si inazunguka na tairi! Tairi ishushwe chini, au mtu akanyage breki. Toyota ndogo nyingi za aina hii zinataka nati ikazwe kwa nguvu ya nyutoni mita 216. Ni kama mtu wa kilo 55 asimame kwenye mpini wa spana, sentimita 40 kutoka kwenye nati. Mkono mtupu haufiki huko.

SALMA: Basi nilinunua nati mpya, tukapata soketi namba 30, ikakazwa na spana ya kupima nguvu ya kukaza, ikagongwa. Ta ikapotea siku hiyohiyo.

SHABANI: Safi. Ila nati ile ndiyo inayobana na beringi. Ulitembea nayo imelegea siku ngapi?

SALMA: Kama... wiki.

SHABANI: Mjini tu?

SALMA: Na Bagamoyo. Mara mbili.

SHABANI: Dada Salma!

SALMA: Nilikuwa na abiria, fundi!

SHABANI: Ukishapiga jeki, shika tairi juu na chini, isukume na kuivuta. Ulifanya hivyo?

SALMA: Jana usiku. Inacheza kidogo.

SHABANI: Kidogo kiasi gani?

SALMA: Kiasi cha kukuuliza Jumamosi una nafasi.

SHABANI: Njoo asubuhi. Na beringi uje nayo.