Ikoni ya Kando ya Saa: Mbofyo Unapitia kwa Nani?

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tunazungumzia zile ikoni ndogo zinazokaa kando ya saa, pembeni mwa upau wa kazi, na hasa namna programu inavyopaswa kuipokea mibofyo ya mtumiaji juu yake. Kaka Salim, mada hii umeileta wewe, na ninajua ilianzia kwenye kazi uliyoifanya Kariakoo.

SALIM: Ndivyo, dada Rehema. Nilimwandikia mwenye duka moja la vipuri programu ya kuhesabu mali, ambayo hukaa kimya ndani ya Windows na kuonyesha ikoni yake kando ya saa. Nilipanga kwamba mtumiaji akiibofya ikoni dirisha lifunguke, na akiibofya tena lijifiche. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri, lakini siku niliyoipeleka dukani, kijana wa kaunta aliniambia kwamba haifunguki: dirisha linamulika mara moja kama radi, kisha linatoweka. Nilisimama nyuma yake nikautazama mkono wake, nikaona kwamba anabofya mara mbili harakaharaka, kama anavyobofya kitu kingine chochote kwenye eneokazi.

REHEMA: Na hapo msimbo wako ulikuwa ukimtii kikamilifu.

SALIM: Kikamilifu kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu anapobofya mara mbili, Windows hutuma jumbe nne kwa mfuatano: kwanza WM_LBUTTONDOWN, yaani kitufe cha kushoto kimebonyezwa, kisha WM_LBUTTONUP, kimeachiliwa, halafu WM_LBUTTONDBLCLK, ambao ndio mbofyo wa pili uliotambuliwa kuwa wa mara mbili, na mwisho WM_LBUTTONUP nyingine. Mimi nilikuwa nikisikiliza kuachiliwa kwa kitufe. Kuachiliwa kwa kwanza kulifungua dirisha, kwa pili kukalifunga. Kijana yule hakukosea hata chembe.

REHEMA: Wengi hukimbilia kipima muda. Mbofyo wa kwanza ukifika, programu inasubiri kwa kipindi kinachotolewa na GetDoubleClickTime, ambacho kwa kawaida ni milisekunde 500, na mbofyo wa pili usipokuja ndipo inaamua kwamba ulikuwa mmoja tu.

SALIM: Nilijaribu hivyo, nikaacha siku hiyohiyo, kwa sababu kila anayebofya mara moja sasa anasubiri nusu sekunde kabla ya kuona chochote, naye kwa kudhani kwamba hakubofya sawasawa anabofya tena. Nilichofanya mwishoni ni kuondoa ule mpango wa kufungua na kuficha kwa mbofyo uleule. Siku hizi mbofyo wa kushoto hulifungua dirisha na kulileta mbele, basi. Ukibofya mara moja, mbili au tatu, matokeo ni yaleyale. Kulificha ni kazi ya kitufe cha dirisha lenyewe.

REHEMA: Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini turudi nyuma kidogo, kwa sababu nadhani wanaoanza hawajaambiwa jambo moja la msingi. Ikoni hii si dirisha la programu yako. Tangu Windows 95, programu inaita Shell_NotifyIcon na kuukabidhi mfumo picha, maelezo mafupi, dirisha la kupokelea habari na namba ya ujumbe ambayo mwandishi ameichagua mwenyewe. Kuanzia hapo ikoni inachorwa na Explorer, ile programu ya Windows inayouonyesha upau wa kazi, na kipanya kikiigusa ni Explorer ndiyo inayojua kwanza, kisha inakuletea habari kwa kupitia namba ile. Wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba ni mwingine.

SALIM: Na mwenye nyumba akianguka?

REHEMA: Hapo ndipo programu nyingi hupotea machoni. Explorer inaweza kukwama na kuanzishwa upya huku programu yako ikiendelea kufanya kazi bila tatizo, lakini ikoni zote zilizokuwa zimepangwa kule zinakuwa zimefutika. Mfumo hutangaza kurejea kwake kwa ujumbe uitwao TaskbarCreated, ambao namba yake huipati kwenye orodha yoyote. Unaiomba kwa RegisterWindowMessage programu inapoanza. Ujumbe huo ukifika, unaiongeza ikoni yako upya. Asiyeusikiliza humwacha mtumiaji na programu inayoendelea kula kumbukumbu bila mlango wa kuiingilia wala wa kuitokea.

SALIM: Kuna kasoro nyingine iliyonisumbua, nayo ni menyu inayong'ang'ania. Mtumiaji anabofya kitufe cha kulia, menyu inatokea, anabadili mawazo na kubofya mahali pengine kwenye skrini, lakini menyu imebaki palepale.

REHEMA: Sababu yake ni huohuo upangaji. Menyu ibukizi hujifunga pale dirisha linaloimiliki linapopoteza nafasi ya mbele, na dirisha lako, ambalo aghalabu limefichwa, halikuwa mbele tangu mwanzo; mbofyo ulitua kwenye nyumba ya Explorer. Kwa hiyo kabla ya kuita TrackPopupMenu, amri ya kuonyesha menyu, ni lazima uite SetForegroundWindow ili kulileta mbele dirisha lako, na menyu ikishafungwa ulitumie dirisha hilo ujumbe mtupu, WM_NULL, ili menyu inayofuata isifunguke na kujifunga papo hapo. Ni mistari miwili tu, lakini nimeona watu wakiitafuta kwa siku nzima.

SALIM: Mimi ni mmoja wao. Sasa dada, tuseme kuhusu kibodi, maana ulinisahihisha wiki iliyopita.

REHEMA: Nilikusahihisha kwa sababu kuna watu wasioweza kushika kipanya, na wapo wanaotumia programu za kuwasomea skrini. Kwenye Windows ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi B, unafika kwenye eneo lile la ikoni. Mishale inakupeleka kutoka ikoni moja hadi nyingine, na Enter inaichagua. Programu iliyoandikwa kwa tabia ya zamani, yaani utaratibu wa awali wa Windows wa kuiletea habari za ikoni, huletewa jumbe za kipanya za kuigiza, haiwezi hata kutambua kwamba kilichotumika ni kibodi. Ile inayoomba toleo la 4 la tabia, lililokuja na Windows Vista, kwa kuita NIM_SETVERSION mara tu baada ya kuongeza ikoni, huletewa NIN_KEYSELECT kwa kibodi, NIN_SELECT kwa kipanya, na WM_CONTEXTMENU mtu anapoomba menyu kwa njia yoyote ile.

SALIM: Na hapo msimbo wangu ulianguka mtihani. Niliomba menyu kwa kibodi, ikatokea katikati ya skrini.

REHEMA: Kwa sababu uliuliza kipanya kiko wapi, kumbe kipanya hakikuhusika. Katika toleo la 4 mahali pa kufungulia menyu panakuja ndani ya ujumbe wenyewe, kwenye wParam, moja ya namba mbili zinazoambatana na kila ujumbe wa Windows, huku jina la tukio likikaa katika nusu ya chini ya namba ya pili, lParam, na namba ya ikoni katika nusu ya juu. Soma mahali hapo kwa GET_X_LPARAM na GET_Y_LPARAM, ambazo huhifadhi alama ya kutoa, kwani mtu mwenye skrini ya pili upande wa kushoto anaweza kuwa na vipimo vilivyo chini ya sifuri.

SALIM: Wanaoandikia Linux wanauliza yao.

REHEMA: Kule wenye nyumba ni wengi na kila mmoja ana masharti yake. KDE, mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux, inatumia utaratibu wa StatusNotifierItem kupitia D-Bus, njia ya programu kutumiana jumbe, ambapo programu huitwa kwa majina yaliyo wazi: Activate kwa mbofyo wa kawaida, SecondaryActivate, ContextMenu, na Scroll kwa gurudumu la kipanya. Maktaba ya AppIndicator iliyotoka Ubuntu ina mtazamo tofauti: kubofya hufungua menyu, na programu hailetewi tukio la mbofyo wa kushoto. GNOME, mazingira mengine ya eneokazi, nayo haina eneo hilo la ikoni mpaka mtumiaji aweke kiendelezi.

SALIM: Kwa hiyo anayeficha dirisha lake akitegemea ikoni, na ikoni haipo, amemfungia mtumiaji nje.

REHEMA: Amemfungia kweli. Anayetumia Qt, maktaba ya kuundia madirisha ya programu, aulize kwanza QSystemTrayIcon::isSystemTrayAvailable, na jibu likiwa hapana, kitufe cha kufunga dirisha kifunge programu. Kwenye macOS jambo ni jepesi zaidi: ukiipa NSStatusItem, yaani ikoni ya kule, menyu, mbofyo hufungua menyu hiyo na kitendo ulichokiandika kwa ajili ya kitufe chake hakiitwi. Unachagua kimoja.

SALIM: Ndiyo maana kwenye toleo jipya la programu ya duka nimeweka neno "Fungua" juu kabisa ya menyu, ingawa mbofyo wa kushoto unafanya kazi hiyohiyo. Popote itakapopelekwa, menyu ndiyo njia ambayo nimeikuta kote.

REHEMA: Na umeijaribu bila kipanya?

SALIM: Nimekichomoa jana jioni mbele ya kijana wa kaunta. Windows na B, mshale, Enter, dirisha likafunguka. Kisha yeye mwenyewe akachomeka kipanya, akabofya mara mbili kama kawaida yake, na dirisha likabaki palepale mbele yake.