Mabasi ya umeme yaliyokuwa yaende Durban, yakaishia Ilford

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sijakaa ndani. Nipo Ilford, mashariki mwa London, barabara inaitwa Ley Street, na mkisikia upepo unakwaruza kwenye maiki mnivumilie tu, huku tulikuja kwa miguu yetu wenyewe.

Barabara hii ilikuwa na depo. Haikuwa ya mabasi ya dizeli, ilikuwa ya matrolibasi, na katika depo hiyo wakati wa vita vya pili vya dunia yaliletwa mabasi ambayo Mwingereza aliyatengeneza kwa ajili ya Afrika. Nitafika huko. Kwanza tuelewane, maana nikitamka trolibasi kuna mtu pale Tandika tayari ameshaanza kufikiria tramu.

Tramu inatembea juu ya reli. Trolibasi ni basi: lina matairi ya mpira, lina usukani, dereva anakata kona kama kawaida. Ila halina injini ya kuunguza mafuta. Lina mota ya umeme, na umeme unatoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara, kupitia fimbo mbili ndefu zilizokaa kwenye paa. Ninyi mnaopanda SGR kwenda Dodoma mmeona ule waya wa juu. Treni inatosheka na ule mmoja kwa sababu umeme ukishafanya kazi unarudi kupitia reli chini. Tairi la mpira halirudishi umeme, kwa hiyo trolibasi linahitaji nyaya mbili: mmoja wa kuleta, mwingine wa kurudisha. Ndiyo maana fimbo ni mbili.

Sasa London hii mnayoiona na yale mabasi yake mekundu enzi zile ndiyo iliyokuwa na mtandao mkubwa wa trolibasi kuliko mji wowote duniani. Ulipofikia kilele ulikuwa na njia 68, mabasi zaidi ya 1,700 na barabara za kilomita kama 400 zilizofunikwa nyaya. Mabasi yenyewe mengi yalikuwa ya ghorofa, yana magurudumu sita na viti 70. Na yalikuwa kimya. Unasimama kituoni, unashtukia lipo mbele yako.

Lilianza dogo tu, tarehe 16 Mei 1931, upande wa pili kabisa wa mji, kutoka Twickenham kwenda Teddington. Kampuni ya London United Tramways ilikuwa na tramu zilizochoka na reli zilizochakaa, na kung'oa reli uweke mpya ni gharama kubwa. Wakapiga hesabu: nguzo zipo, mitambo ya umeme ipo, tuongeze waya wa pili tuachane na reli. Mwaka 1933 usafiri wote wa London ukawekwa chini ya mamlaka moja, nayo ikaona hesabu ile inafaa mji mzima. Halafu tramu ilikuwa na ubaya wake. Reli zilipita katikati ya barabara, kwa hiyo abiria alishuka katikati ya magari akawa anajiokoa mwenyewe mpaka pembeni. Trolibasi linaweza kuhama kando, mita nne hivi kutoka chini ya nyaya, likasimama ukingoni kama basi lolote. Kuanzia 1935 mpaka Juni 1940 sehemu kubwa ya tramu za kaskazini mwa Mto Thames zikawa zimeondolewa, matrolibasi yameshika nafasi. Miaka mitano! Sisi barabara moja tu ya mwendokasi tunajua imetuchukua muda gani, tusiseme sana.

Sasa turudi hapa Ilford.

Vita vilipopamba moto, viwanda vya Uingereza vilikuwa na oda za miji ya Afrika Kusini. Durban walikuwa wameanza trolibasi mwaka 1935, Johannesburg 1936, wote wananunua Uingereza. Mabasi 43 yakawa yanatengenezwa, 25 ya Durban na 18 ya Johannesburg, lakini baharini hakupitiki, nyambizi za Wajerumani zinazamisha meli, na London yenyewe ina upungufu wa magari. Serikali ikasema basi, yabaki hapa hapa. Kuanzia 1941 yakaanza kuletwa, yakapangiwa depo ya Ilford, yakapewa herufi SA za Afrika Kusini: SA1, SA2, SA3.

Hebu fikirini mkazi wa Ilford wa mwaka ule. Mabomu usiku, taa za barabarani zimezimwa, nyama kwa kadi ya mgao. Asubuhi anakwenda kazini, linakuja basi lenye vioo vilivyotiwa rangi ya kumkinga abiria na jua kali la Afrika. Jua lenyewe Ilford! Mimi nimeshapitia Januari za hapa, hicho kioo kilikuwa kinakinga kitu ambacho hakipo.

Na kulikuwa na tatizo la sheria. Uingereza basi halikuruhusiwa kuzidi upana wa futi 7 na inchi 6. Haya yalikuwa na futi 8 kamili, kwa sababu huko yalikokuwa yaende ndicho kipimo chao. Ikabidi yapewe kibali maalumu. Yakawa yanapiga njia za huku: 691 kutoka Barking kupita Ilford mpaka Barkingside, 693 kutoka Barking mpaka Chadwell Heath. Wabongo na Wakenya mliopo Barking mnazijua hizo barabara, mnapita kila siku mkiwa mmelala na mabegi yenu. Vita vikaisha, mabasi hayakupelekwa Durban wala Johannesburg. Yamezeekea huku huku.

Kitu kingine nilichokipenda sana ni kazi ya konda. Kwetu konda anagonga bati, anadai nauli, anatukana kidogo, basi. Konda wa trolibasi alikuwa nusu fundi. Njia mbili zinapoachana, nyaya nazo huko juu zinaachana, na lazima kitu kielekeze fimbo ziende kushoto au kulia. Sehemu nyingine kulikuwa na mpini kwenye nguzo pembeni ya barabara. Basi linakaribia njia panda, konda anaruka chini, anakimbilia nguzo, anavuta mpini na kuushikilia huku basi linapita taratibu. Fimbo zikishapita, anaachia, anakimbiza basi lake, anadandia kwa nyuma. Mvua ipo, theluji ipo, yeye yupo kwenye mpini.

Na fimbo zikichomoka kwenye nyaya? Hapo basi limezimika papo hapo, pengine katikati ya mataa, fimbo zinapepesuka hewani. Chini ya basi, kwa urefu wake, kulikuwa na bomba, na ndani ya bomba kuna mwanzi mrefu wenye ndoano. Konda anauchomoa huo mwanzi, anasimama nyuma ya basi, kichwa juu, anatafuta kuinasa fimbo na kuirudisha kwenye waya, kisha ya pili. Cheche zinaruka. Abiria wa ghorofani wamekaa wanamwangalia. Mwanzi kwa sababu mkavu haupitishi umeme. Angetumia bomba la chuma tungekuwa tunahadithia msiba.

Kuovertake pia hakukuwepo. Mabasi mawili yapo kwenye nyaya zile zile, la mbele likiharibika la nyuma linangoja mpaka mtu ashushe fimbo za lile bovu. Madereva wetu wa daladala wasingeiweza hii kazi, wangekufa kwa presha.

Kwa upande wa vilima, hapo mota ya umeme haina mpinzani. Njia ya 611 ilikuwa inatoka Moorgate inapanda Highgate Hill, kilima ambacho ukipanda kwa miguu unasimama njiani unajifanya unaangalia simu. Mabasi ya njia ile yalifungiwa breki za ziada ili yasirudi nyuma wala yasiporomoke kwa kasi. Yalipanda hicho kilima mwaka hadi mwaka.

Wakati wa vita yalipata kipigo pia. Tarehe 29 Juni 1944 bomu la kuruka, yale Wajerumani waliyoyarusha bila rubani, liliangukia depo ya Bexleyheath na kuteketeza mabasi 12.

Sasa swali lenu nalijua: kwa nini waliyaondoa? Kuna watu mtandaoni watakuambia ni wenye mafuta walihonga. Mimi sioni haja ya kutafuta mchawi. Angalieni hesabu. Mabasi karibu yote yalinunuliwa kati ya 1935 na 1940. Vitu vilivyonunuliwa pamoja vinazeeka pamoja, na nyaya na mitambo ya kugawia umeme nayo inadai matengenezo. Halafu nyaya zilirithi njia za tramu, na tramu hazikuwahi kuruhusiwa kuingia katikati kabisa ya London. Kwa hiyo trolibasi liliishia pembeni pembeni, Aldgate, Holborn, Moorgate, wakati basi la dizeli linakatiza mji mpaka upande wa pili. Na watu walikuwa wanahamia mitaa mipya ambako hakuna nguzo hata moja. Tarehe 28 Aprili 1954 wakatangaza: tunayaondoa, dizeli inachukua nafasi.

Hapo ndipo mimi nagombana nao, kwa sababu miaka miwili baadaye ukaja mgogoro wa mfereji wa Suez. Kuanzia Desemba 1956 mpaka Mei 1957 mafuta Uingereza yalikuwa kwa mgao, na mabasi yasiyotumia tone la mafuta yanapita barabarani, na uamuzi haukubadilishwa. Wangeweza walau kuziacha njia ambazo umeme uliishinda dizeli waziwazi. Ile 611 ya Highgate mimi ningeibakiza.

Kazi ya kuyaondoa ilianza Machi 1959, awamu 14. Ilford ilikuwa awamu ya tatu, Agosti mwaka ule ule. Basi jipya la Routemaster, lile jekundu lenye mlango wazi nyuma ambalo kila mtalii anapiga nalo picha, lilitengenezwa kushika nafasi ya trolibasi, na lilikuwa na viti 64, sita pungufu. Mengi ya mabasi ya zamani yalipelekwa uwanja wa Colindale yakawa chuma chakavu. Ila yale 127 yaliyonunuliwa baada ya vita yalikuwa bado mazima, na mwaka 1961 yakauzwa 125 kwenda Hispania. Huko wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo milango ikabidi ihamishwe. Yakatembea miaka mingine San Sebastián na Zaragoza, London yenyewe imeshayasahau.

Trolibasi la mwisho, namba 1521, liliingia depo ya Fulwell usiku wa Mei 8 kuamkia 9, 1962.

Leo London ina mabasi ya betri zaidi ya 1,000, na yanaongezwa. Kuna atakayeuliza, je Dar ingefaa nyaya? Jibu langu: ile barabara ya mwendokasi, kwa kuwa ina njia yake peke yake, kiufundi inafaa kabisa. Zürich mpaka sasa wanatumia matrolibasi, na ya siku hizi yana betri ndani, yanaweza kuacha nyaya yakaendelea na safari. Ila bila betri, umeme ukikatika Ubungo, mabasi yote yamesimama na abiria ndani yamefungwa milango. Hapo sina la kuongeza, mnaishi nao huo umeme.

Mlioko huku mkitaka kulipanda, hilo 1521 lipo jumba la makumbusho la Carlton Colville, karibu na Lowestoft, wana nyaya zao na mabasi yanatembea. Mengine yapo Sandtoft, Lincolnshire. Angalieni siku wanazofungua kabla hamjakata tiketi ya treni, si kila siku wanakuwepo. Mimi betri ya kamera inaisha, tukutane wiki ijayo.