Kabla ya Rangi na Manyoya: Maji na Vumbi katika Kusubu Jigi Nyumbani

Asante mwenyekiti, na asanteni nyote mliokuja. Nimepewa dakika 40 nizungumzie jigi za kutengeneza nyumbani, yaani chambo bandia chenye kichwa cha metali ya risasi kilichosubiwa kwenye ndoana: maumbo ya vichwa, ndoana, rangi, manyoya. Yote nimeyaandika hapa na nitajitahidi kuyafikia. Lakini walionisikia siku za nyuma wanajua huwa naanzia wapi. Naanzia kwenye maji, na leo pia naanzia hapohapo.

Mtu akitaka kuanza kusubu risasi, swali lake la kwanza huwa ni moshi. Una sumu? Nifungue dirisha? Nivae barakoa? Maswali mazuri, nitayarudia. Ila moshi haukupeleki hospitali siku hiyohiyo. Maji yanakupeleka. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na ukitaka imiminike vizuri unaipandisha hadi 370 au 400. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Sasa chukua tone moja la maji, dogo tu, sehemu ya 20 ya mililita. Maji yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi, kwa hiyo tone lile linataka nafasi ya mililita 85, na linaitaka papo hapo, chini ya risasi iliyoyeyuka. Risasi lazima ipishe. Inapishia juu, na juu ndiko uliko uso wako.

Kuna atakayesema, "Mbona jasho langu limewahi kudondokea ndani ya sufuria na halikufanya kitu?" Kweli kabisa. Tone likianguka juu ya risasi lina pa kutokea. Linarukaruka pale juu kama maji kwenye kikaango cha moto, kisha linaisha. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wameona jasho halikuwadhuru, wanaondoka na imani kwamba habari hizi za maji zimetiwa chumvi. Maji yanayolipuka ni yaliyofungiwa chini: yamo ndani ya kipande unachokizamisha, au yamo ndani ya kuta za kalibu unayoimiminia.

Na sisi wavuvi tunayeyusha nini? Machubwi ya zamani, tuliyookota ufukweni au yaliyotoka majini wiki iliyopita. Lishike moja ulitazame. Lina tundu la kupitishia mshipi, na ndani ya tundu mna mchanga na chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata chubwi likikaa kabatini mwaka mzima. Jingine lilisubiwa vibaya, lina uwazi katikati ambao huuoni. Ukilitumbukiza hilo katika risasi iliyokwisha kuyeyuka, umezamisha bomu kwa koleo lako mwenyewe. Kwa hiyo vyuma vyote viingie sufuriani sufuria ikiwa baridi, vipate moto pamoja, pole pole, unyevu utoke kabla risasi haijalainika. Ukitaka kuongeza katikati ya kazi, zima moto, ngoja igande, ongeza, washa upya. Utapoteza dakika 20. Zipoteze.

Sasa nieleze yaliyonipata mwenyewe. Mkono huu wengine mmeshauona. Nilikuwa nimechoshwa na vichwa vya mviringo, nikataka kile cha umbo la yai lililolala, ambacho kikifika chini kinayumba huku na huku na kuinua mkia wa chambo. Sikuwa na kalibu ya alumini ya umbo hilo. Nikachonga kielelezo kwa mti, nikakoroga plasta, nikapata kalibu ya pande mbili, safi, kingo zimekutana bila mwanya. Nikaianika juani siku 5. Siku ya tano niliigusa kwa kiganja, nikaiweka shavuni. Kavu. Nikaigonga kwa ukucha, ikalia kama kigae. Nikapanga ndoana, nikazibana pande mbili, nikamimina.

Kwanza nilisikia sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi kwa nguvu. Kisha risasi ikarudi juu kupitia tundu lilelile nililoimiminia. Miwani nilikuwa nimevaa. Glavu nilikuwa nimevaa, ila ilikuwa fupi. Kati ya glavu na mkono wa shati palibaki nafasi ya vidole viwili, na risasi ikaingia hapo, ikateremka ndani ya glavu kuelekea kiganjani. Jaribuni kuivua glavu ya ngozi kwa haraka huku ngozi yenu wenyewe inaungua ndani yake. Kovu hili mnaloliona limetokana na risasi isiyofika gramu 3. Miwani yenyewe hii hapa, ipitisheni. Tazameni kioo cha kushoto: kidoa kile kinachong'aa kama fedha, kilichoganda, kimekaa mbele ya mboni hasa. Aliyeishika ajaribu kuivaa, aone dunia kupitia kidoa hicho.

Nilikaa wiki nzima nikijiuliza maji yale yalitoka wapi. Yalitoka ndani ya jiwe. Plasta ni unga wa jasi iliyopikwa ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiukoroga, unga unayachukua tena maji na kuyafunga ndani ya jiwe lenyewe. Ndiyo maana unaganda. Jua linakausha yale ya ziada tu. Yaliyofungwa hayatoki hata uianike kalibu mwezi mzima. Na si machache: katika jasi iliyoganda, karibu moja ya tano ya uzito ni maji hayo. Kalibu ya gramu 500, kavu shavuni, inalia kama kigae, imebeba gramu 100 za maji. Kazi ya kuyatoa inaanza joto likipita nyuzijoto 100, na mimi nilikuwa naimiminia risasi ya 380.

Basi mkono wako si kipimo. Shavu si kipimo. Kipimo ni mzani na kioo. Kalibu ikishakauka juani, ipime, andika uzito. Ipashe moto katika oveni kwa saa kadhaa, ukianzia chini kidogo ya nyuzijoto 100, kisha ukipandisha taratibu hadi 180 au 200 ili isipasuke. Itoe, ipime. Irudishe, ipime tena. Siku uzito utakapokataa kushuka, maji yamekwisha. Na ikiwa bado ya moto, shika kipande cha kioo baridi juu ya tundu la kumiminia. Kioo kikifanya ukungu, rudisha kalibu ovenini. Itakuwa dhaifu kuliko mwanzo, itakupa vichwa kadhaa kisha kingo zitaanza kumeguka. Tengeneza nyingine. Wala usiisubiri mpaka kesho, kwa sababu plasta iliyotolewa maji huvuta unyevu wa hewani tena.

Najua yupo hapa ambaye amemimina kwenye plasta ya jua miaka mingi na haijamrudia. Namwamini. Kichwa kikiwa kidogo huganda kabla joto halijazama ukutani, na plasta ina vinyweleo vinavyopitisha mvuke kiasi. Lakini siku atakayosubu kichwa cha gramu 60 kwa kalibu ileile, hesabu inabadilika, na hakuna atakayemwambia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona. Niingie kwenye vumbi.

Nimesema oveni, nami nasisitiza: kalibu mpya ambayo haijaguswa na risasi ndiyo inayopashwa katika oveni ya nyumbani. Ikishaguswa, hata mara moja, hairudi jikoni. Sufuria ya risasi hairudi jikoni. Upawa hauendi kuteka mchuzi. Hapa sina mjadala.

Moshi mliotaka kuuuliza: kwenye nyuzijoto 400 risasi haitoi moshi mwingi wake yenyewe. Inachemka kwenye 1,749, na sufuria yako haifiki huko hata karibu. Kinachofuka ni mafuta, rangi na uchafu uliomo, na huo nao usiuvute. Fanyia kazi nje, upepo ukitoka mgongoni. Sumu yenyewe imo zaidi kwenye ule utando wa kijivu na njano unaoota juu ya sufuria, ule tunaouengua kwa kijiko na kuutupa pembeni. Huo ni unga wa oksidi ya risasi. Unakauka, unakanyagwa, unaingia ndani na viatu, unakaa sakafuni ambapo mtoto anatambaa na kuweka vidole mdomoni. Barakoa yako ya kitambaa haimkingi yeye. Na mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Watu huniambia, "Babu yangu alisubu machubwi maisha yake yote na alikufa mzee." Mungu amrehemu. Sibishani na umri wa babu. Nauliza kuhusu watoto waliocheza miguuni pake. Risasi kwa mtoto haiji na jeraha unaloliona. Inapunguza akili, inaharibu usikivu, na hakuna atakayeihusisha na sufuria ya babu. Ikizidi, inaua. Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 kutokana na mchanga uliochafuliwa na betri chakavu. Kwa hiyo anayewaza kuvunja betri ya gari apate risasi ya bure, naomba aliache wazo hilo hapa ukumbini. Mna tindikali, mna vumbi baya kuliko lote, na uchafu wake ukilowa unaweza kutoa gesi yenye sumu kali.

Engua utando pole pole usirushe vumbi, uweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe, na kitambaa hicho kisifike karibu na sufuria. Mnajua kwa nini. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto.

Au achana na risasi. Hili nilitaka kulipa nusu saa na zimebaki dakika 6. Bati, ile metali yenyewe, si mabati ya kuezekea, huyeyuka kwenye nyuzijoto 232. Ukichanganya metali ya bismuthi sehemu 58 na bati sehemu 42, mchanganyiko unayeyuka kwenye 138 tu, na unajaza kalibu hadi kwenye kona kali kabisa. Ni mwepesi: kalibu inayotoa kichwa cha gramu 10 kwa risasi itakupa gramu 7 na nusu kwa mchanganyiko huu, na 6 na kidogo kwa bati tupu. Wengi wanalalamikia wepesi huo. Mimi nauona faida, kwa sababu jigi inazama taratibu na samaki wengi hushika inapozama, kabla hujaanza kuivuta. Angalieni pia kwamba 138 bado iko juu ya 100. Maji ni yaleyale.

Ndege nao. Ndege wa majini humeza changarawe zikae kwenye firigisi zimsagie chakula, na chubwi dogo analiona changarawe. Firigisi inalisaga, na risasi inaingia kwenye damu. Uingereza ilipiga marufuku machubwi ya risasi kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35 mwaka 1987 kwa sababu ya vifo vya bata maji. Kanada mwaka 1997 ilizuia machubwi na jigi za risasi zisizofika gramu 50 katika hifadhi zake za taifa. Jigi zetu nyingi ni za uzito huohuo.

Haya, mbio mbio. Kichwa kikitoka nusu, kalibu ilikuwa baridi: subu vichwa 5 vya kwanza bila ndoana, uvirudishe sufuriani vikingali vya moto, havijapata unyevu. Kikitoka na uso kama chumvi, joto limezidi. Kalibu ya alumini ipakeni masizi ya mshumaa, metali itateleza vizuri. Ndoana yenye jicho, lile tundu la kufungia mshipi, lililokunjwa nyuzi 90 ni ya kuchezesha jigi wima chini ya chombo. Ya 60 ni ya kutupa na kuvuta. Zikagueni ndoana, zisiwe na unyevu wala mafuta, kwa sababu nazo zinaingia ndani ya kalibu. Rangi ya unga inaokwa kwenye nyuzijoto 175 hivi, basi kichwa cha bismuthi na bati msikiweke humo, kitadondoka kutoka kwenye ndoana kabla rangi haijashika. Hicho pakeni rangi ya maji au ya kucha. Manyoya hatutayafikia leo.

Mzani uko pale mezani, na kioo kiko kwenye barafu. Jiko la umeme nimeliwasha tangu nilipoanza kuzungumza, na kuna kalibu ya plasta juu yake, imeanikwa juani siku 9, haijawahi kumiminiwa kitu. Na wewe uliyekaa nyuma, uliyesema mlangoni kwamba kalibu yako ni kavu kabisa, njoo nayo tuiweke kando ya hii.