Njia ya Unga: Kuzunguka kwa Miguu Milima ya Irangi

Wazee wangu shikamooni. Na nyie vijana mliokaa kule nyuma, habari za jioni, mnanisikia? Haya.

Nimeombwa niongelee ile njia ya kuzunguka milimani kwetu Irangi, huku Kondoa mkoani Dodoma, upande wa Kolo, ambayo baadhi yenu tumeshaitembea pamoja, na nitaanza na swali aliloniuliza mama mmoja tukiwa tunapanda, akasema mwanangu mbona njia yenyewe inazunguka, kwanini tusirudi tulikopita? Swali zuri sana lile. Inazunguka kwa sababu mama zetu walikuwa wanaenda kusaga. Kwenda walipita juu, msituni, maana ndo karibu na mtu ana debe la mahindi kichwani anataka awahi foleni. Kurudi walishuka kwa chini, korongoni, ni mbali kidogo ila hakuna kupanda, alafu kule kwenye mto wa mchanga unachimba shimo, unakaa unasubiri maji yajikusanye, unachota na kata taratibu mpaka ndoo inajaa. Unga kabeba mama, ndoo ndogo kabeba mtoto. Huyo mtoto ni mimi.

Sasa ule msitu wa mwanzo, wenye mininga na mitundu na mizinga ya nyuki imening'inia, wageni wengi wanadhani upo tangu enzi na enzi. Hapana. Mama yangu anaukumbuka mlima ule ukiwa uchi kabisa, udongo mwekundu na makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia humtoi. Mwaka 1973 ndo ukaanza mradi wa HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden, wakachimba matuta wakapanda miti, lakini mifugo ilikuwa ileile na ardhi ikaendelea kuondoka na maji. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote watoke kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wote jamani. Watu wakahamisha mifugo kwa ndugu huko nje ya eneo, maziwa yakapotea kwenye nyumba ambazo mtoto alilelewa kwa maziwa, na punda aliyekuwa anabeba magunia naye akaondoka, kwa hiyo mzigo ukarudi kichwani kwa mwanamke. Hili huwa silisikii likisemwa kwenye mikutano ya mazingira. Mi naupenda ule msitu, mwezi wa kumi kabla ya mvua majani machanga yanatoka mekundu mlima mzima utadhani kuna moto, lakini nikipita pale nakumbuka kuna watu waliulipia, na wengi wao walikuwa wanawake.

Tukishatoka msituni tunafika kwenye mawe makubwa. Hapa kila mtu anatoa simu, anatafuta ile michoro ya kale iliyochorwa kwenye mawe. Ni haki yao, ile michoro ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja huku mwaka 1951 akanakili kwa mkono wale watu wembamba warefu na wanyama wao wa rangi nyekundu. Wazee wetu mpaka leo wana sehemu zao huko za kuombea mvua, kwa hiyo ukiambiwa hapa subiri kwanza, subiri.

Ila mimi nawaomba mkishamaliza kuangalia juu, muangalie chini. Kwenye njia yetu kuna jiwe pana limelala kama kitanda, lina mashimo marefu yamelainika, ukiweka kiganja ndani kinateleza. Pale palikuwa panasagwa. Uwele, mtama, ulezi. Mwanamke anapiga magoti, anashika jiwe dogo kwa mikono miwili, anasukuma mbele anarudisha, anasukuma anarudisha, mgongo wote unafanya kazi. Bibi yangu aliolewa akakuta jiwe kwa mama mkwe, akaniambia alikuwa anaamka jogoo la kwanza ili jua likichomoza unga wa siku hiyo uwe tayari, na jiwe likishalainika sana halisagi tena, linateleza tu, inabidi uchukue jiwe gumu zaidi uligongegonge upya lishike nafaka. Ukishaligonga, ugali wa siku mbili tatu una mchanga mchanga, unausikia kwenye meno. Shimo la kina cha kiganja ni mikono ya wanawake wangapi? Mi nikiwaza hilo nanyamaza.

Na hilo jiwe halina kibao, halina uzio, halina mtu wa kulielezea. Yale mawe madogo ya juu karibu yote yameshabebwa, mengine yako kwenye misingi ya nyumba, nimeyaona kwa macho yangu.

Alafu tunashuka kidogo tunafika kwenye banda la mashine. Ile ya dizeli. Waliokulia vijijini wanaujua ule mlio wa tuku tuku tuku unausikia ukiwa bado mbali, ukiusikia unakaza mwendo, ukinyamaza moyo unashtuka maana mafuta yameisha au mkanda umekatika, na mtalala njaa au mtatwanga kwenye kinu. Kulikuwa na pipa la maji ya kupooza injini, na kiangazi wenye foleni ndo walioagizwa wakalete hayo maji. Unga unatoka wa moto. Mama ananifungulia mfuko naingiza mkono, ule ujoto na ile harufu ya dona sijaipata popote tena, hata hizi mashine za umeme za siku hizi sioni kama zinaitoa vilevile.

Umeme ulivyofika kijijini ile ya dizeli ikasimama, na sio mbaya, nani anataka kutembea masaa mawili na debe. Lakini injini ikauzwa chuma chakavu. Sasa hivi limebaki zege na boliti nne zimesimama, mabati yametoboka, na ukutani kwa mkaa kuna majina ya waliokopa kusaga, bado yanasomeka. Nilishapeleka barua mahali kuomba banda litunzwe pamoja na lile jiwe, nikajibiwa kwamba hilo ni banda tu. Nitaandika tena.

Mpaka hapo kile kipande kifupi mmeshakimaliza, kimebaki kile kirefu cha korongoni, ni mchanga na kivuli cha mikuyu, sina mengi ya kusema huko, mtajionea.

Jumamosi hii tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza, mje na viatu vya kufunga na maji lita mbili kila mtu. Mwenye bibi ambaye bado anaweza kuongea, muulizeni kwanza alisagia wapi alafu mje mtuambie. Na lile jiwe dogo, yeyote anayelo nyumbani, tafadhali lileteni, tunajua shimo lake lilipo.