Kuunga picha za hadubini za chipu ya 6502, hatua kwa hatua

Haya, karibuni. Leo tunatengeneza picha moja kubwa ya chipu ya MOS 6502, ile prosesa ya mwaka 1975 iliyokuja kuendesha kompyuta za Apple II na Commodore PET. Silikoni yake ni kama milimita 3.9 kwa 4.3, na ina transista zipatazo 3,500. Kasha limeshafunguliwa. Habari ya kufungua makasha tuiache kwanza, maana ya plastiki yanataka asidi, na asidi haina mzaha.

Hadubini iwe ile ya metali, ambayo mwanga wake unashuka kutoka juu kupitia lenzi yenyewe. Ile ya maabara ya shule inaangaza kutoka chini, na kwa kuwa silikoni haipitishi mwanga, utaona giza tupu. Lenzi zake nazo zimepimwa kwa ajili ya kioo chembamba cha kufunikia, na chipu haina kioo hicho.

Ngoja. Taa ya dari inaakisi kwenye skrini, hamuoni kitu. Naizima. Sasa sawa.

Lenzi ya ngapi? Wengi wanakimbilia ya kukuza mara 50, halafu wanabaki na mamia ya picha wasizohitaji. Nyaya za 6502 ni nene, maikromita kadhaa, kwa hiyo hata ya 10 inatosha kuzisoma. Kwa kamera yenye kihisi cha milimita 22.3 kwa 14.9, bila lenzi ya kati, ya 10 itakupa kazi nzima kwa picha 12. Mimi napenda ya 20, kwa sababu matundu madogo ya kuunganishia metali na tabaka la chini yanaonekana vizuri zaidi. Hapo kila picha inachukua milimita 1.1 kwa 0.75, na tukipandanisha kwa asilimia 30, yaani kila picha irudie asilimia 30 ya jirani yake, tunapata safu 5 kwa mistari 8, yaani picha 40.

Sasa kusawazisha. Kina cha fokasi cha lenzi hii ni maikromita tatu au nne tu. Silikoni ikiinama digrii moja, upande mmoja unapanda kama maikromita 70 juu ya mwingine, na picha itakuwa kali katikati na ukungu pembeni. Bandika chipu kwenye udongo wa kuchezea watoto, ibonyeze kingo kwa kitu bapa, kisha tembelea pembe zote nne bila kugusa kitasa cha fokasi. Pembe ikififia, bonyeza upande wake kidogo, rudi tena. Vibao vya skrubu tatu vya kusawazishia ninauza, kiungo kiko hapo chini, lakini udongo unafanya kazi ileile kwa bei ya soda.

Kamera nayo inyooshwe, na hapa sikilizeni vizuri: inyooshwe na mwendo wa meza ya hadubini, ile inayobeba chipu, sio na chipu peke yake. Chagua alama moja, sogeza meza kulia mpaka mwisho wa fremu. Alama ikipanda au kushuka, legeza kamera, izungushe kidogo, rudia. Digrii moja ikiachwa, kwa mwendo wa milimita tatu unapotea pikseli karibu 280, na ule mpandano wa asilimia 30 unaliwa kimyakimya.

Mipangilio ya kamera ni ya mkono yote: ISO 100, kasi moja ya shata, rangi nyeupe iliyofungwa. Rangi za kupendeza mnazoziona hapa zinatokana na unene wa tabaka la oksidi, na kamera ikiachiwa ijiamulie, kila fremu itakuja na kijani chake. Halafu piga picha moja ya kipande cha silikoni kitupu kisicho na mchoro. Baadaye kila picha inagawanywa kwa hiyo ili kuondoa giza la pembeni, la sivyo picha kubwa itatoka na miraba kama kitambaa cha drafti.

Kupiga: anza pembe ya juu kushoto, sogeza milimita 0.78, subiri sekunde mbili mtikisiko utulie, piga. Mwisho wa mstari rudi kushoto, shuka 0.52. Usiende nyokanyoka kama mvivu anayetaka kuokoa muda, kwa kuwa skrubu za meza zina ulegevu, na ukigeuza mwelekeo hatua ya kwanza inakuwa fupi.

Simameni hapo. Mstari wa tano, picha ya tatu, mnaona ukungu? Kitasa cha fokasi kinashuka chenyewe kwa uzito wa kamera. Kaza breki ya kitasa, rudisha fokasi, na tunarudia mstari wote. Picha moja yenye ukungu katikati ya 40 inaonekana kuliko zile 39.

Twende kwenye Hugin, programu ya kuunga picha, ni ya bure. Pakia picha, aina ya lenzi Rectilinear, pembe ya kuona andika 10, kisha weka mwonekano wa Expert. Acha programu itafute alama za pamoja, yaani nukta zinazoonekana kwenye picha mbili. Kwenye kukokotoa, yaw, pitch na roll, yaani mizunguko ya kamera, zibaki sifuri. Tunatafuta X na Y tu, yaani kusogea kwa pembeni na kwa juu na chini, na picha moja ya katikati inakuwa nanga isiyosogea. Ukiiruhusu roll, programu itazungusha fremu ili kuficha makosa ambayo ungepaswa kuyaona.

Na makosa yenyewe ndiyo haya. Sehemu ya juu ya 6502 ni kisimbuzi cha amri, yaani sehemu inayotafsiri amri za programu, mistari 130 hivi iliyosimama, yote kama mapacha. Chini kuna rejista, vihifadhi vidogo vya namba, biti nane zilizopangana, nazo zinafanana. Programu inaona mstari wa 40 kwenye picha moja, inaushika wa 41 kwenye nyingine, na inaridhika kabisa. Umbali wa kosa unasoma pikseli moja au mbili, kila kitu kijani. Narudia: namba nzuri haina maana kwenye sehemu inayojirudia.

Unagunduaje? Kwa hesabu. Fremu ina pikseli 6,000 kwa 4,000, kwa hiyo jirani wa kulia awe mbali karibu 4,200, na wa chini karibu 2,800. Jozi moja ikitofautiana na wenzake kwa upana wa mstari mmoja wa kisimbuzi, futa alama zake zote. Zote, usibakize hata moja, kwa sababu zilikosea kwa pamoja. Weka nne kwa mkono kwenye vitu visivyo na pacha: herufi, pembe ya pedi (kiraka cha metali cha kuunganishia waya), mkwaruzo, au vumbi lililoganda kwenye chipu. Vumbi la kwenye kihisi ni balaa, hilo linakaa palepale kila picha na programu inaweza kudhani fremu hazikusogea.

Bonyeza F3 upange alama kwa umbali, zilizozidi pikseli tano zikague moja moja. Kokotoa upya. Kisha toa fremu zikiwa zimetenganishwa kabla ya kuzichanganya, maana kichanganyaji kinalainisha mshono vizuri mno, na waya uliokatika utaonekana mzima. Hesabu biti za rejista kutoka juu hadi chini. Zikiwa saba au tisa, rudi kwenye alama. Nimesema tena, ndiyo.

Picha kamili ni kama pikseli 21,000 kwa 23,000. Biti 16 pamoja na chaneli ya uwazi inakaribia gigabaiti 4, ambao ndio mpaka wa faili la picha la TIFF la kawaida, kwa hiyo toa kwa biti 8. Kwa kuweka mtandaoni punguza nusu, maana lenzi hii haitenganishi chini ya maikromita 0.8 na kila pikseli yetu ni chini ya 0.2. Hupotezi kitu.