Mkate Kwanza, Mahubiri Baadaye

Bwana asifiwe. Wapendwa, nabii Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu akimwomba Mungu amtoe roho, Mungu alimjibu nini?

Hakumjibu neno. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwamsha ale. Swali lilikuja siku arobaini baadaye, kule Horebu. Sisi tunaanza na swali, tena la kwetu wenyewe: "Una dhambi gani hujaitubu?"

Mtu akivunjika mguu, kanisa linajua la kufanya. Wa kupika yupo, wa kumpeleka hospitali yupo. Akipata sonona, ile huzuni nzito isiyomwachia mtu, tunasema amepoa kiroho. Hata mimi nimeyasema hayo miaka mingi, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Sonona ni ugonjwa. Dawa zake kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu, ilhali maudhi kama kichefuchefu huweza kuanza mapema. Hapo katikati ndipo mtu hukata tamaa, na ndipo ndugu mwenye nia njema humwambia, "Tumeshakuombea, tupa vidonge." Jamani! Kuacha dawa ni jambo la kuzungumza na daktari. Wewe omba, huku umemshikia glasi ya maji ya kumezea.

Dada mmoja wa kwaya aliacha kuja. Simu hapokei. Mwenzake wa sauti ya pili akamwandikia: "Napita saa kumi. Sikai. Usihangaike kufagia." Alikuta vyombo vya siku nne vimelowa kwenye beseni, akaviosha. Pambio hakuimba. Juma lililofuata akarudi, na la tatu wakaenda kliniki pamoja. Yeye ndiye aliyemweleza daktari kwamba mwenzake halali, maana mgonjwa mwenyewe maneno yalikuwa yamemwishia.

Ukiona mtu anaaga-aga au anagawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, tafuteni huduma ya dharura saa hiyo hiyo, na hiyo usiahidi kuifanya siri. Mengine yatunzeni. Ombi la maombi lenye jina la mtu, likirushwa kwenye kundi la simu bila ridhaa yake, ni umbea uliovaa kanzu.

Kuna mji Ubelgiji unaitwa Geel. Tangu Zama za Kati mahujaji wenye maradhi ya akili walikwenda kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna kutafuta uponyaji. Walipozidi nafasi, wenyeji wakawachukua majumbani mwao, na desturi hiyo ipo hadi leo. Wengi hawakupona. Waliwekewa kiti mezani hivyo hivyo, wakafanya kazi na wenzao, na wapo walioishi na familia moja miaka na miaka.

Daftari la zamu analo katibu, pale mlangoni. Kwa leo naomba majina sita tu, ya kuosha vyombo.